Namba ya Kuhesabu na Namba ya Bambo

Tanzania iliwahi kushangilia namba isiyothibitisha shangwe, na miaka michache baadaye ikalia kwa namba isiyothibitisha msiba. Namba zenyewe ni za vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2004/05 ulitoa vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2010 ukatoa 454, tukaambiwa vita tunaishinda. Wa 2015/16 ukaja na 556, na hapo tukaanza kutafuta mchawi: mara wakunga hawatoshi, mara magari ya wagonjwa yamekaa juu ya mawe, mara fedha za dawa zimeliwa.

Huenda yote hayo yalikuwa kweli. Ninachosema ni kwamba namba hizo hazikuyasema. Hakuna aliyedanganya hapa; zilitoka kwa wataalamu wanaoijua kazi yao, na ripoti zenyewe zilichapa tahadhari. Kosa lilikuwa la wasomaji, na zaidi letu sisi tunaoandika. Tulizisoma kana kwamba kuna mtu aliyezunguka nchi nzima na daftari, akahesabu makaburi, akarudi na jibu.

Tangu wakati huo kila namba inayopita mbele yangu naiuliza swali moja kabla ya yote: wewe umehesabiwa au umekadiriwa?

Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Unaweza kubishana nayo, ukasema karani hakufika kwenu, lakini nia yake ilikuwa kumfikia kila mtu. Namba ya aina hii inaeleza kilichoonekana. Una data zote mkononi, unazipanga, unazifupisha, kazi imeisha. Hizo ndizo takwimu za kueleza. Takwimu za kukadiria ni jambo jingine kabisa: umeona sehemu ndogo, unataka kusema juu ya kitu kizima ambacho hukukiona. Wanafunzi hufundishwa tofauti hii wiki ya kwanza na kuisahau wiki ya pili, kwa sababu kwenye mtihani huulizwa maana tu, hawaulizwi inamfanya nini mtu anayesoma gazeti.

Kueleza nako kuna mitego. Sensa hiyohiyo ilisema kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kila mtu anajua hakuna nyumba yenye watu wanne na kipande, kwa hiyo hapo hatudanganyiki. Tunadanganyika kwenye pesa. Chukua kikoba cha akina mama kumi. Tisa wameweka akiba hizi, kwa maelfu ya shilingi: 40, 50, 50, 60, 60, 70, 80, 90 na 100. Wa kumi, mwenye duka la vitenge pale stendi, ameweka 1,400. Siku ya kuvunja kikoba katibu anasimama na kutangaza kwamba wastani wa akiba ni shilingi 200,000. Hajasema uongo: jumla ni milioni mbili, watu ni kumi. Ila hakuna hata mmoja mwenye akiba inayokaribia laki mbili. Wapange mstari kutoka mdogo hadi mkubwa, simama katikati, utakuta 65,000. Hiyo namba ya katikati haijali mwenye duka ameweka milioni moja au kumi. Mkopeshaji akija na kupima uwezo wa kikundi kwa wastani, wanawake tisa watabebeshwa deni la kipimo cha mwenye duka.

Halafu kuna mtawanyiko, yaani jinsi namba zinavyosambaa mbali na wastani, ambao magazeti yetu huuruka kabisa. Utafiti wa afya wa 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano na kukuta karibu asilimia 8 wana vimelea vya malaria. Tabora ilikuwa asilimia 23, na ipo mikoa ambayo haikufika hata 1. Anayepanga dawa za Tabora akishika ile 8 ya taifa, dawa zitamwishia kabla mvua hazijakatika.

Hayo ni mepesi. Ugumu unaanza unapoacha kueleza ulichokiona na kuanza kusema juu ya usichokiona, na kwa hilo mwalimu wangu wa kwanza hakuwa na chaki. Alikuwa na bambo.

Kwa asiyewahi kuingia soko la nafaka: bambo ni kijichuma chenye ncha kali na mfereji. Unakichoma kwenye gunia, nafaka inateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, unaona kilichomo bila kufungua mdomo wa gunia. Mjomba wangu aliuza mchele Dar es Salaam kwa miaka mingi, na bambo lake lilikaa mfukoni kama kalamu ya karani. Nikiwa kidato cha pili alinichukua siku moja kwenda kununua magunia hamsini. Muuzaji alikuwa mkarimu kupita kiasi.

“Shikamoo mzee wangu, karibu. Kyela hii, chenga utazitafuta kwa tochi. Choma hapa uone mwenyewe.” Akaligonga gonga gunia la juu kabisa, lililo karibu na mlango.

“Marahaba, mwanangu,” mjomba akaitikia, akalipita gunia hilo bila kuligusa.

Akachoma moja la katikati, akachoma la pembeni ukutani, akamwomba kijana wa mizigo avute la tatu toka chini. Hakuchoma mahali pamoja: hapa karibu na mdomo, pale karibu na kitako. Kila mara alimwaga punje kwenye ungo, na mimi nikapewa kazi ya kutenga chenga na punje nzima. Nilipomaliza nikasema kwa majivuno ya mwanafunzi, “Mjomba, chenga asilimia kumi.”

“Sema nane mpaka kumi na mbili,” akanijibu. “Hiyo kumi utaiapia wewe.”

Nimesoma vitabu kadhaa vya takwimu tangu siku hiyo na sijaona kilichoongeza jambo la msingi kwenye alichofanya mle ghalani. Alikataa gunia alilochaguliwa, maana gunia analokuchagulia muuzaji linakueleza habari za muuzaji. Akatawanya michomo yake bila kufuata mpangilio ambao mtu angeweza kuuotea. Na alipopata jibu, hakulitoa kama namba moja. Alilitoa na mipaka yake, wa chini na wa juu.

Jambo moja linawashinda wengi kulikubali, nalo ni udogo wa sampuli, ile sehemu ndogo unayoichunguza badala ya kitu kizima. Afrobarometer, mtandao wa kutafiti maoni ya wananchi barani Afrika, huhoji watu wazima 2,400 Tanzania, na nchi nyingi nyingine 1,200 tu. Ukitaja hilo kijiweni utachekwa: watu 2,400 wawasemee milioni sitini? Mimi hata hawakuniuliza! Lakini bambo haliulizi gunia lina kilo hamsini au mia. Ikiwa mchele umechanganyika sawasawa, viganja vitatu vinatosha gunia dogo na vinatosha gunia kubwa. Kinachopunguza makosa, yaani umbali ambao jibu la sampuli linaweza kuwa nao na ukweli, ni idadi ya punje ulizozitazama. Ukubwa wa ghala karibu hauna neno. Kanuni ya haraka ni hii: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,200 wanakupa makosa ya karibu asilimia 3 juu na chini, watu 2,400 karibu asilimia 2. Ukitaka ishuke mpaka 1, itakubidi uwahoji 10,000. Kupunguza makosa nusu kunagharimu kazi mara nne, na ndiyo sababu wenye mahesabu huishia kwenye 2,400 na kwenda zao nyumbani.

(Kanuni hiyo ni ya sampuli iliyochomolewa mtu mmoja mmoja. Tafiti nyingi kubwa huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani ya maeneo hayo, na majirani hufanana. Kwa hiyo makosa halisi huwa makubwa kidogo. Mchele wa gunia moja nao umetoka shamba moja.)

Kisha kuna ile asilimia 95 inayoandikwa chini kwa herufi ndogo: “kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95.” Karibu kila mtu huisoma kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 ukweli uko ndani ya mipaka hii. Maana yake imepinda kidogo. Ukirudia utafiti uleule mara 100, kila mara ukachomoa sampuli mpya na kuweka mpaka wako wa chini na wa juu, karibu mara 95 jibu la kweli litakuwa limeangukia kati ya mipaka yako, na karibu mara 5 litakuwa nje. Huu utafiti wako mmoja ulio nao mezani ni wa kundi gani, huna namna ya kujua. Sifa ni ya njia uliyoitumia; matokeo ya siku moja hayana hati ya kiapo. Fundi mzuri wa bunduki naye hukosa paa.

Sasa turudi kwa akina mama.

Namba ya vifo vya uzazi katika tafiti hizi haitoki kwenye vitabu vya hospitali, kwa sababu wengine hufia nyumbani au njiani. Wahoji huwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 habari za ndugu zao wa tumbo moja: wangapi dada, yupi yu hai, yupi amefariki, na aliyefariki, je, alikuwa mjamzito, au alikuwa akijifungua, au alikuwa ametoka kujifungua? Mwaka 2015/16 walihojiwa wanawake 13,266. Ni wengi. Lakini kifo cha uzazi, pamoja na uchungu wake wote, ni tukio adimu, na ukishachuja majibu unabaki na vifo vichache vya kupigia hesabu. Uchache huo ndio unaotanua mipaka.

Na mipaka ilikuwa mipana kweli. Kadirio la 2004/05 lilikuwa 578, kati ya 466 na 690. La 2010 lilikuwa 454, kati ya 353 na 556. La 2015/16 lilikuwa 556, kati ya 446 na 666. Tazama tena mpaka wa juu wa 2010. Ni 556, namba ileile iliyotufanya tulie miaka michache baadaye. Kwa maneno mengine, utafiti wa 2010 ulishatuambia kwamba hali inaweza kuwa 556, sisi tukachukua 454 tukakimbia nayo.

Mipaka kupishana peke yake haitoshi kusema hakuna tofauti. Hilo ni kosa jingine la kawaida, hata kwa wasomi. Njia sahihi ni kuikadiria tofauti yenyewe. Kati ya 454 na 556 tofauti ni 102. Makosa ya tofauti hiyo unayapata kwa kuunganisha makosa ya pande mbili: chukua nusu ya upana wa kila moja, yaani kama 101 na 110, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata karibu 150. Kwa hiyo mabadiliko kati ya tafiti hizo mbili yako popote kati ya kupungua kwa vifo 48 na kuongezeka kwa vifo 252. Sifuri imekaa humo ndani. Anayesema vifo viliongezeka na anayesema havikuongezeka, wote wawili utafiti huo haujawanyima nafasi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kile kilichoshangiliwa, kutoka 578 kwenda 454. Tofauti 124, makosa karibu 151. Sifuri imo tena. Waliopongezana kwa utafiti wa 2010 na waliolaumiana baadaye walikuwa wamesimama kwenye mchanga uleule, na sijamsikia hata mmoja wa waliopongezana akirudisha pongezi.

Kuna jambo lingine lililofichika, na kwangu ndilo kubwa kuliko hesabu yote hiyo. Kila utafiti ulizungumzia miaka 10 iliyoutangulia. Ule wa 2010 unabeba vifo vya kuanzia karibu mwaka 2000. Ule wa 2015/16 unarudi mpaka karibu 2006. Miaka ya katikati imo kwenye tafiti zote mbili! Tulilinganisha makadirio mawili yenye miaka ya pamoja, tukayaita “wakati ule” na “sasa”.

Sehemu ya lawama naipeleka kwa lugha tunayotumia kufasiri ripoti. Mtakwimu anapoandika kwamba hakupata ushahidi wa kutosha kwamba namba mbili zinatofautiana, sisi tunaandika “hakuna ongezeko kubwa”. Msomaji anaelewa kwamba ongezeko lipo, ila dogo. Siyo hivyo. Mtakwimu amesema kwamba kwa bambo alilonalo hawezi kutenganisha ongezeko na bahati ya kuchomoa sampuli. Na kinyume chake hutokea: tofauti iliyothibitika kabisa kitakwimu inaweza kuwa ndogo isiyomsaidia mtu chochote. Ukiwahoji watu laki tano utathibitisha hata tofauti ya robo asilimia. Kuthibitika na ukubwa ni mambo mawili, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenga. Tunalifanyia uvivu tu.

Kwa haki, mfano wa upande wa pili upo. Utafiti wa 2022 ulitoa vifo 104 kwa vizazi hai 100,000. Toa 104 kwenye 556, unabaki na 452. Hata ukiipa 104 makosa mapana kama yale ya 556, mipaka ya tofauti hiyo haisogei karibu na sifuri. Bahati ya sampuli haiwezi kueleza pengo la namna hiyo, na hapo nami navua kofia. Kilichobaki ni maswali ya aina nyingine: je, kifo cha uzazi kimehesabiwa kwa tafsiri ileile, dada wamekumbukwa vilevile, swali limeulizwa kwa maneno yaleyale? Na katika kilichopungua, ni kiasi gani kimetoka kwenye vituo vya afya, ni kiasi gani kimetoka kwenye kipimo? Maswali hayo hayajibiwi kwa kupanua sampuli.

Tulikuwa na ugomvi wa takwimu nchini ambao ungeweza kutufundisha haya. Sheria ya Takwimu ya 2015, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, iliweka kosa la kusambaza takwimu zinazokinzana na za serikali. Mwaka 2019 kipengele hicho kikalegezwa. Kelele zote zilikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kutoa namba. Sikumsikia mtu akidai kwamba yeyote anayetoa kadirio, awe wa serikali au wa mtaani, alitoe na mipaka yake.

Na hata mipaka ikitolewa, ina jambo moja tu inalolijua. Kenya ililipia somo hilo Agosti 2022. Kura nyingi za maoni za wiki za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele. Matokeo yaliyotangazwa yakampa William Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Odinga kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Watu wakasema kura za maoni ni biashara ya waongo. Mimi naona zilitwishwa mzigo usio wao. Tofauti ya wagombea ilikuwa asilimia 1.64. Kura ya maoni ya watu 2,000 ina makosa ya karibu asilimia 2 kwa kila mgombea, na makosa ya pengo kati ya wagombea wawili huwa karibu maradufu, maana anachokipata mmoja mara nyingi kimetoka kwa mwenzake. Hata ungewahoji watu 10,000, pengo la 1.64 lingebaki ndani ya makosa yako.

Lakini hiyo bado ni hesabu ya bahati ya sampuli, na mipaka haihesabu zaidi ya hapo. Haimhesabu aliyekata simu. Haimhesabu aliyejibu “bado sijaamua” huku ameshaamua, wala aliyetaja jina asubuhi na siku ya kura akabaki shambani. Watu hao wakifanana na waliojibu, hakuna tatizo. Wasipofanana, unaweza kuhoji hata milioni moja ukapata jibu bovu lenye mipaka myembamba ya kupendeza. Twaweza, shirika la kiraia, walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa njia ya simu, mwaka 2013, waliligusa tatizo hili kwa njia ninayoiheshimu: waliichagua sampuli kwanza, kisha wakawapa simu watu waliochaguliwa, badala ya kuwatafuta wenye simu na kuwaita wananchi.

Siku ile ghalani muuzaji alikubali yote isipokuwa safu ya chini kabisa, iliyogusa sakafu. Alisema magunia yale ni taabu kuyafikia, itabidi kushusha nusu ya rundo, na mchele ni uleule. Mjomba akalitazama rundo, akanikabidhi ungo, akaanza kufungua vifungo vya shati.